Viyeyushi kwenye maabara za pwani: kuvuta mvuke na kutunza taka

Klorofomu ni mojawapo ya viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha vitu vingine na kugeuka mvuke upesi. Mililita 10 zake ni kama vijiko viwili vya chai. Zikimwagika sakafuni kwenye chumba cha mita za ujazo 240 kilichofungwa, zikakauka zote, hewa ya chumba kizima inakuwa na takriban sehemu 13 za klorofomu kwa kila sehemu milioni. Kikomo cha ACGIH, shirika la wataalamu wa afya kazini la Marekani, kwa mtu anayefanya kazi saa 8 ni sehemu 10. Asetoni nayo: mililita 100 zinatoa karibu lita 33 za mvuke, na huo unatosha kuifanya mita ya ujazo 1.3 ya hewa iweze kushika moto.

Kwa hiyo suala la hewa na suala la taka ni kazi moja. Kiyeyushi ambacho hakiko chini ya kifuniko kiko hewani, na kilichoko hewani lazima kitoke nje kwa njia unayoijua. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya majengo ya nchi za baridi, yaliyofungwa kila upande. Mwongozo huu ni kwa maabara za Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na kwingine kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, mapangaboi darini, upepo wa bahari dirishani na umeme unaokatika bila taarifa.

Kabati linavuta, au linanguruma tu?

Kelele ya feni isikudanganye. Kata ukanda wa karatasi ya chooni, upana sentimita 2 na urefu 15, uubandike kwa selotepu kwenye ukingo wa chini wa kioo cha mbele cha kabati la kuvuta mvuke, yaani lile boksi la kufanyia kazi ambalo feni yake hutoa mvuke nje. Hewa ikivuta sawasawa, ukanda unalalia ndani na kutulia hapo. Ukining'inia wima, hakuna kinachovutwa. Ukicheza mara ndani mara nje, kuna upepo wa pembeni unaovuruga. Uache hapo siku zote na uubadilishe ukichakaa. Hata aliye upande wa pili wa chumba anauona.

Ukanda unakuambia ndiyo au hapana. Namba inatoka kwenye anemomita, kifaa cha kupima kasi ya hewa, angalau mara moja kwa mwaka na kila baada ya fundi kugusa chochote. Shusha kioo kwenye kimo cha kazi, sentimita 45 kutoka mezani. Gawa uwazi huo kwa macho kuwa miraba 9, pima katikati ya kila mraba ukiwa umesimama kando, kisha piga wastani. Unatafuta mita 0.5 kwa sekunde. Kati ya 0.4 na 0.6 panakubalika, na mraba wowote usipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 20 hivi. Wapo wanaofurahia kasi ya 0.8 wakidhani ndiyo usalama zaidi. Sivyo. Hewa ikienda mbio kupita kifua cha mtu aliyesimama pale, inajikunja na kufanya vimbunga vidogo mbele yake, na vimbunga hivyo vinarudisha mvuke usoni.

Ukitaka kuona njia ya hewa kwa macho, ondoa kila kiyeyushi kabatini na mezani jirani, kisha washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kwenye ukingo wote wa uwazi. Moshi uingie moja kwa moja. Pembe za chini ndizo hufichua matatizo: hapo moshi ukizunguka na kutoka nje, mvuke wa etha nao utafanya hivyo hivyo.

Kasi ikishuka, anza na mkanda wa feni. Ukilegea unateleza kwenye puli, mota inazunguka kama kawaida huku feni ikijivuta. Halafu kuna kosa moja ambalo hupita miaka bila kugunduliwa: mota ya fezi tatu iliyounganishwa kinyume baada ya matengenezo. Feni ya sentrifuga ikizunguka kinyume haipulizi kuelekea ndani. Inaendelea kutoa hewa upande ule ule wa siku zote, ila kwa sehemu tu ya nguvu yake. Kila mtu anasikia mota, anaona hewa inasogea, anaridhika. Angalia mshale uliochorwa kwenye ganda la feni na ulinganishe na mzunguko inapoanza kuwaka. Ikienda kinyume, fundi umeme abadilishane nyaya za fezi mbili, kazi imekwisha.

Mwisho panda juu ya paa. Feni ikae huko nje, mwisho wa bomba, ili bomba lote lililo ndani ya jengo liwe linanyonya. Likitoboka, linavuta hewa ya darini badala ya kumwaga mvuke kwenye ofisi ya jirani. Dohani ipande mita 3 juu ya paa na itoe hewa wima. Ile kofia ya bati ya kuzuia mvua, iliyozoeleka kwenye madohani ya mikate na ya jiko, inairudisha hewa chafu chini, mara nyingi hadi kwenye dirisha la maabara ile ile. Acha mdomo wazi, na maji ya mvua uyatoe kwa tundu dogo chini ya ganda la feni.

Hewa inayotoka lazima iingie mahali

Kabati la upana wa mita 1.5, uwazi wa mita 0.45 na kasi ya 0.5 linavuta mita za ujazo 0.34 kwa sekunde, yaani zaidi ya 1,200 kwa saa. Chumba cha mita 8 kwa 6 kwa 3 kina mita za ujazo 144. Maana yake kabati moja linamaliza hewa ya chumba kizima kila baada ya dakika 7. Sasa funga madirisha na uwashe kiyoyozi cha ukutani: kiyoyozi hicho hakileti hewa mpya hata kidogo, kinazungusha ile ile ya ndani. Kabati linakosa pa kunyonya, kasi inaporomoka. Dalili yake ni mlango unaokuwa mzito kuufungua kwa nje na unaojibamiza wenyewe ukiuachia.

Dawa ni tundu la kuingizia hewa lenye luva na wavu wa mbu. Kwa kabati hilo moja, ukitaka hewa ipite kwa mita 1.5 kwa sekunde, unahitaji uwazi halisi wa sentimita 45 kwa 50, mbali na kabati. Wavu ukijaa vumbi uwazi unapungua, kwa hiyo upigwe brashi kila mwezi.

Pangaboi lizimwe kabla kioo cha kabati hakijapandishwa. Halina mjadala: hewa inayosukumwa kutoka darini inafika mbele ya kabati ikiwa na kasi sawa au zaidi ya ile inayovuta, na inauchota mvuke kuuleta chumbani. Dirisha lililo kando ya kabati nalo lifungwe upepo wa baharini unapoanza mchana. Fungua la mbali. Hata mtu anayepita nyuma yako kwa haraka anavuruga, ndiyo maana kabati halikai karibu na mlango.

Mivuke ya viyeyushi karibu yote ni mizito kuliko hewa: asetoni mara 2, etha 2.6, heksani 3, klorofomu zaidi ya 4. Inashuka na kutambaa sakafuni. Feni ya dirishani iliyo juu karibu na dari inaburudisha watu lakini haiugusi mvuke uliolala stoo. Stoo ya viyeyushi ivute hewa kutoka sentimita 30 za mwisho karibu na sakafu, mara 6 kwa saa, na tundu la kuingizia liwe ukuta wa pili.

Mikono ndani, kichwa nje

Fanya kazi sentimita 15 ndani kutoka kwenye kioo. Chora mstari wa rangi au bandika utepe mezani, kwa sababu baada ya wiki mbili kila mtu husogea mbele. Kifaa kikubwa kiinue kwa vipande vya sentimita 5 ili hewa ipite chini yake kufikia mianya ya nyuma. Chupa zilizopangwa ukutani ndani ya kabati zinaziba mianya hiyo. Kabati lililogeuzwa stoo halivuti, na likishika moto linakuwa na kuni za kutosha.

Glavu: zile nyembamba za nitraili hufaa kwa tone moja la bahati mbaya, uzivue mara moja. Dikloromethani inapita humo ndani ya dakika mbili hivi, asetoni nayo haikawii. Kwa kazi ya kumimina asetoni kwa wingi vaa za mpira wa butili. Barakoa ya hospitali haichuji mvuke wowote.

Umeme ukikatika

Hili lipangwe kabla. Taa zikizimika: zima swichi za majiko yote kwa mkono, funika chupa zote, shusha kioo hadi chini, toka. Acha maji ya kipoozeo yaendelee kama yanatoka kwenye tangi la juu. Kama yanategemea pampu, inua chupa inayochemka kutoka kwenye joto kwanza.

Hatari kubwa iko umeme unaporudi. Jiko la umeme lenye swichi ya kuzungusha linawaka lenyewe pale lilipoachiwa. Feni ya kabati huwa na kontakta (swichi ya sumaku) inayoachia umeme ukikatika, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Basi unapata etha inayochemka ndani ya boksi la kioo lisilovuta, na mtu yuko kantini anasubiri jenereta. Njia rahisi ni kumwambia fundi umeme apitishe soketi za ndani ya kabati kwenye kontakta ile ile ya feni: feni isipowaka, jiko haliwaki.

Chupa ya taka

Kuuacha mvuke upotelee kabatini si namna ya kutupa taka. Chupa ya taka inafunguliwa wakati wa kumimina tu, kisha inafungwa. Faneli iliyoachwa mdomoni siku nzima ni sawa na chupa isiyo na kifuniko. Ukitaka faneli ya kudumu, tumia yenye kifuniko na vali.

Tenga taka tangu tone la kwanza, maana zikishachanganyika huwezi kuzitenganisha. Chupa ya kwanza ni ya viyeyushi visivyo na halojeni (klorini na jamii yake): asetoni, ethanoli, heksani, ethili asetati, tolueni. Ya pili ni ya vyenye halojeni, yaani klorofomu, dikloromethani na ndugu zao. Ya tatu ni ya maji yenye kiyeyushi, hasa yatokayo kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali. Zebaki, metali nzito, sianidi na asidi kila kimoja kina chombo chake na havigusi hizi tatu. Sababu ya kubagua halojeni ni tanuru: kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka taka hatarishi yenye zaidi ya asilimia 1 ya halojeni ichomwe kwa nyuzi 1,100 kwa sekunde 2 angalau, na gesi ya asidi inayotoka inakula tanuru. Kikombe kimoja cha klorofomu kwenye dumu la lita 20 la asetoni kinaligeuza dumu zima kuwa la gharama kubwa. Usipojua pa kutia, tia kwenye halojeni.

Mchanganyiko unaopasua chupa mara nyingi ni asidi ya nitriki na kiyeyushi. Mtu ameosha bika kwa nitriki, akasuuza kwa ethanoli au asetoni, akamimina vyote kwenye chupa moja na kukaza kifuniko. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Mmenyuko unaweza kukawia kwa saa kadhaa, kisha joto linapanda, gesi ya kahawia inajaa, na chupa ya lita 2.5 inalipuka usiku hakuna mtu. Ukikuta chupa ya taka ina vuguvugu, inatoa mapovu au ina rangi ya kahawia juu ya kimiminika, usiishike wala usijaribu kulegeza kifuniko. Shusha kioo cha kabati kama imo humo, toa watu, funga mlango.

Wa pili ni klorofomu, asetoni na besi (kinyume cha asidi). Klorofomu na asetoni peke yake hukaa, ila ukiongeza hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu huchemka kwa nguvu. Besi hiyo huingia kimyakimya: vyombo vilivyotoka kwenye beseni la potasiamu hidroksidi na alkoholi vinasuuzwa kwa asetoni, na masuuzo yanaenda kwenye chupa ya halojeni. Suuza kwa maji mengi kwanza, asetoni baadaye. Hidrojeni peroksaidi na asetoni, hasa pakiwa na asidi, hutengeneza kilipukizi. Metali ya sodiamu na kiyeyushi chenye klorini, vivyo hivyo. Na jiki ya kusafishia isikutane na asetoni: hutengeneza klorofomu na joto.

Kabla ya kumimina taka usiyoiamini, chukua mililita 5 za iliyomo na 5 za unayotaka kuongeza, changanya kwenye bika ndogo kabatini na utazame kwa dakika 10. Ikipata joto, ikitoa povu au ikibadilika rangi, tafuta chupa nyingine.

Chombo chenyewe: glasi, au polithini nzito ya HDPE kwa asetoni na alkoholi. Dikloromethani, klorofomu na tolueni hulainisha HDPE zikikaa muda mrefu, kwa hiyo hizo tumia chupa za glasi zilizoletea viyeyushi hivyo hivyo. Madumu ya mafuta ya kula na chupa za maji ya kunywa hayaingii maabara kabisa. Jaza hadi asilimia 80. Chupa ya dikloromethani iliyofungwa kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20 na kuhamishiwa varanda ya nyuzi 35 inapata shinikizo la ziada la karibu kilopaskali 40, na kiyeyushi hicho huchemka kwa 39.6. Etha huchemka kwa 34.6. Stoo ya bati isiyo na dari inaweza kupita joto hilo mchana wa Februari, na hapo kifuniko hutema kabla hujakigusa. Weka kivuli, dari na matundu. Friji ya nyumbani si suluhisho, kwa kuwa taa na thamostati yake hutoa cheche ndani ya boksi lililojaa mvuke.

Kila chupa isimame kwenye trei inayoweza kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichomo. Chupa za halojeni na zisizo na halojeni, trei tofauti.

Lebo iandikwe kabla ya tone la kwanza: neno TAKA, majina kamili ya viyeyushi, makadirio ya asilimia hadi zifike 100, alama ya hatari, tarehe ya kuanza, jina la maabara. Usiandike fomula wala vifupisho. Atakayeipokea si lazima awe mkemia. Ning'iniza karatasi shingoni, kila anayemimina aandike nini na mililita ngapi. Wino wa kawaida huyeyushwa na asetoni inayochuruzika, kwa hiyo tumia penseli.

HPLC ikitoa mililita 1 kwa dakika kwa saa 8 inaleta mililita 480 kwa siku. Chupa ya lita 2.5 inafika asilimia 80 siku ya tano asubuhi. Hapo ndipo watu huziba mdomo kwa karatasi ya fedha na kupitisha mrija katikati. Asetonitraili, kiyeyushi cha mashine hiyo, yote inapaa. Nunua kifuniko chenye tundu la mrija na kichujio cha kaboni.

Etha, THF (tetrahidrofurani) na diokseni hutengeneza peroksaidi, ambazo hulipuka, zikikaa na hewa, hata zikiwa taka. Andika tarehe ya kufungua na usizipitishe miezi 6. Kupima: mililita 1 ya kiyeyushi kwenye mililita 1 ya asidi ya asetiki kali yenye gramu 0.1 ya potasiamu ayodaidi. Njano hafifu, anza kuitoa. Kahawia, usiitumie tena wala kuikausha. Ukiona fuwele nyeupe kama chumvi shingoni au ndani ya kifuniko, usifungue na usitikise. Ita wataalamu.

Asetoni ya kusuuzia inaweza kunereshwa na kutumika tena kusuuzia. Usinereshe hadi chupa ikauke. Bakiza moja ya tano.

Sinki, shimo na dumu tupu

Kiyeyushi kisichochanganyika na maji kikipita sinki hukaa kwenye kona ya bomba na kupuliza mvuke kwenye sinki la chumba kingine, ambako mtu amewasha kichomeo. Kisha kinafika kwenye shimo la maji taka. Klorofomu ni nzito mara 1.5 kuliko maji. Kwenye ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe inazama hadi kwenye maji ya visima. Kuichoma kwenye shimo nyuma ya jengo hutoa gesi za sumu za hidrojeni kloridi na fosjini.

Kiyeyushi kikimwagika chini ya nusu lita: waambie watu, zima miali ya moto, fungua madirisha, vaa glavu na miwani, zungushia mchanga mkavu kutoka ukingoni kwenda katikati, zoa kwa kizoleo kisichotoa cheche, tia kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo. Ikiwa zaidi ya hapo, au ni klorofomu nje ya kabati kwa kiasi chochote cha maana, toka kwanza.

Chupa ikifika asilimia 80, au ikitimiza miezi 3, iondoke. Anayeibeba awe na kibali cha taka hatarishi. Suala hilo liko kwa mamlaka ya mazingira ya serikali, ambayo kwa Kenya ni NEMA. Mwombe nakala ya hati inayoonyesha taka imefika wapi, uihifadhi pamoja na zile karatasi za shingoni.

Dumu tupu hugombaniwa. Litasuuzwa kidogo na kesho litakuwa na maji ya kunywa nyumbani kwa mtu. Lisuuze mara 3 kwa kiyeyushi au maji yanayofaa, masuuzo yaende kwenye taka, lebo uibandue, kisha utoboe tundu kubwa chini kwa bisibisi kabla halijavuka mlango wa maabara.